Usukani uliobanduka angani: kisa cha Air Transat 961 na mawimbi yanayosafiri ndani ya bamba

Tarehe 6 Machi 2005, ndege aina ya Airbus A310 ya shirika la Air Transat iliruka kutoka Varadero, Kuba, kwenda Quebec nchini Kanada. Ndani walikuwamo watu 271: abiria 262 na wafanyakazi 9. Ilikuwa imeshafika futi 35,000, kusini mwa Florida, waliokaa nyuma waliposikia kishindo, kisha mtikisiko. Ndege ikaanza kuyumba, mkia ukienda kushoto na kulia huku mabawa yakipanda na kushuka. Marubani wakatazama skrini zao. Hakuna taa ya onyo, hakuna maandishi ya hitilafu. Wakaanza kushuka, na kadiri walivyoshuka kuyumba kukapungua. Wakageuza, wakarudi Varadero na kutua. Mhudumu mmoja aliumia kidogo mgongo. Ndege ilipokwisha kuegeshwa ndipo ilipoonekana kilichotokea: usukani wa mkia haukuwapo. Zilibaki bawaba, sehemu ya mhimili wa mbele na vipande vya chini.

Usukani wa mkia ni ule ubao mrefu uliofungwa kwa bawaba nyuma ya mkia wima, unaopinda kushoto au kulia kuelekeza pua ya ndege. Katika A310 haukutengenezwa kwa bati la alumini. Pande zake ni paneli za kompositi: ngozi mbili nyembamba za nyuzi zilizoshikwa na resini ya epoksi, moja nje na moja ndani, na katikati kiini cha karatasi maalumu iitwayo Nomex, kilichopangwa kama sega la nyuki. Ni jengo zuri mno. Ni jepesi na gumu, wala halishiki kutu. Lakini lote linaishi kwa gundi. Ngozi ikiachana na kiini, ugumu wa paneli unaporomoka, hata kama ngozi yenyewe haina mchubuko.

Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Kanada ilitoa ripoti yake mwaka 2007. Ilihitimisha kwamba ndege iliruka siku hiyo ikiwa tayari na dosari kwenye usukani: ama ngozi ilikuwa imebanduka kutoka kwenye kiini, ama kiini chenyewe kilikuwa kimepasuka. Chanzo kiliachwa katika uwezekano wa aina mbili: tukio fulani moja ambalo halikuwa la kugongwa na kitu butu, au gundi dhaifu kwenye upau wenye umbo la Z katika paneli ya kushoto. Dosari ilikua angani hadi usukani ukachanika. Kisha likaja neno ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: mpango wa ukaguzi uliokuwapo haukutosha kugundua kila aina ya dosari kwenye usukani, na dosari hii huenda ilikuwapo kwa safari nyingi.

Wengi hukichanganya kisa hiki na ajali ya New York ya tarehe 12 Novemba 2001, ambapo ndege ya Airbus A300 ilipoteza mkia wima mzima na watu 265 wakafa. Ile ilikuwa habari nyingine. Mkia ule ulizidiwa na nguvu za hewa zilizotokana na usukani kukanyagwa kwa nguvu kushoto na kulia. Hapa hakuna rubani aliyekosea. Paneli ilikuwa mgonjwa na hakuna aliyejua.

Kwa nini hakuna aliyejua?

Mnunuzi wa chungu sokoni hukipiga kwa kidole na kusikiliza. Kikilia vizuri ni kizima. Kikitoa sauti iliyokufa kina ufa. Ukaguzi wa paneli za aina hii ulifuata njia hiyohiyo: macho, na kugonga kwa sarafu au kinyundo kidogo. Sidharau kugonga. Ni kipimo cha haraka, hakihitaji umeme, na fundi mwenye sikio zuri hugundua eneo lililobanduka chini ya ngozi anayoigonga. Tatizo liko katika maneno hayo ya mwisho, "ngozi anayoigonga". Sarafu inapima ugumu wa pale inapogusa. Ngozi ya nje ikiwa bado imeshikana na kiini, mlio utakuwa mkavu na mzuri, hata kama ngozi ya ndani, upande wa pili wa kiini, imeachia. Na usukani ukishafungwa, upande wa ndani haufikiwi na mkono.

Nimelijaribu hili mezani. Paneli ilikuwa na ukubwa wa sinia, na upande mmoja wa ngozi tuliubandua makusudi eneo la kiganja kwa kuweka kipande cha plastiki kabla ya kuioka, yaani kuipasha joto ili resini igande. Nikagonga upande ule mwingine, usiobanduliwa, juu ya eneo lenyewe kabisa. Tik, tik, tik, bila tofauti yoyote ya kuaminika. Nikaigeuza. Tik, tik, tok. Mlio ule wa tatu mtoto mdogo angeutambua. Paneli ni ileile na dosari ni ileile. Kilichobadilika ni upande.

Ushahidi kwamba hili si jambo la mezani tu ulikuja mwaka uleule. Novemba 2005, usukani wa A300-600 ya kusafirisha mizigo uliharibiwa katika matengenezo, ukapelekwa kuchunguzwa, na ikaonekana eneo kubwa la ngozi ya ndani lilikuwa limebanduka kutoka kwenye kiini, na ndani mlikuwa na mafuta ya haidroliki. Machi 2006 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa mapendekezo ya dharura, ikieleza kwamba kugonga nje hakuna uwezekano mkubwa wa kufichua kubanduka kwa ndani.

Kwa nini kubanduka hukua? Fanya hesabu ndogo. Kwenye futi 35,000 mgandamizo wa hewa nje ni kama hektopaskali 238. Usawa wa bahari ni 1,013. Hewa iliyonaswa ndani ya sega hupoa hadi karibu digrii 54 chini ya sifuri, kwa hiyo mgandamizo wake nao hushuka, tuseme hadi 770. Tofauti inabaki zaidi ya hektopaskali 500. Ikiwa vitundu vimefungwa kabisa, eneo la sentimita 10 kwa 10 lililobanduka linasukumwa kwa nguvu ya uzito wa kilo 50 hivi. Hilo hutokea kila safari. Ndege ikitua, nguvu inaondoka, ikipanda, inarudi. Ukingo wa dosari unafunguliwa kidogokidogo kama bahasha.

Wimbi linaloishi ndani ya bamba

Sasa niingie kwenye jambo lililonifanya nikiandike kisa hiki. Kuna aina ya mtetemo ambayo haigongi mahali pamoja na kuishia hapo. Inasafiri ndani ya bamba, ikiwa imezuiwa na nyuso mbili za juu na chini kama maji ya mfereji yanavyozuiwa na kingo, na inakwenda mbali. Hayo ni mawimbi elekezwa. Kwenye bamba huitwa mawimbi ya Lamb, kwa jina la Horace Lamb, aliyechapisha hesabu zake mwaka 1917 akiwa Manchester.

Yana familia mbili. Ya kwanza ni linganifu: nyuso zote mbili zinanenepa na kukonda kwa pamoja, na bamba linavutika na kubanwa kwa urefu wake. Ya pili ni ya kupinda: bamba zima linapanda na kushuka kama mkeka unaokung'utwa. Katika masafa ya chini (masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde) kila familia ina wimbi moja la msingi: S0 la linganifu na A0 la kupinda. Ukizidisha masafa yanaibuka mengine na picha inachafuka, ndiyo maana tunaokaa na kazi hii tunapenda kubaki chini.

Kwenye bamba la nyuzi za kaboni la milimita 2, lenye matabaka yaliyopangwa pande zote, S0 huenda kama mita 6,000 kwa sekunde na A0 kama 1,500. Ila kompositi si chuma. Nyuzi zote zikilala upande mmoja, wimbi la kuvutika hupita mita 9,000 kwa sekunde likifuata nyuzi, na hushuka hadi kama 2,500 likizikata. Ukilirusha kutoka katikati halitoi duara kama jiwe kwenye maji. Linatoa umbo lililovutwa kufuata nyuzi. Asiyelijua hili ataelekeza kidole mahali ambapo hakuna dosari kabisa.

Bamba linaitwa janja pale linapobeba ndani yake uwezo wa kurusha na kusikiliza mawimbi hayo. Kazi hiyo hufanywa na vidonge vya piezo, vigae vidogo vya zirkoneti na titaneti ya risasi. Ukivipa volti vinajivuta na kujibana. Ukivibana vinatoa volti. Tabia hiyo ya pili waliigundua ndugu Pierre na Jacques Curie mwaka 1880. Kidonge cha kawaida kina upana wa milimita 10 na unene usiofika nusu milimita. Kinaweza kubandikwa juu ya ngozi au kuzikwa kati ya matabaka kabla bamba halijaokwa. Kuoka kwenyewe, kwa epoksi nyingi za ndege, ni kwa joto la digrii 180 hivi, na kidonge cha aina nzuri hupoteza nguvu zake kwenye joto la karibu digrii 350, kwa hiyo kinapona. Fu-Kuo Chang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walikwenda mbali zaidi: walipanga vidonge kwenye utandu mwembamba wenye nyaya zilizochapishwa, ukaweza kulazwa kama tabaka mojawapo la bamba.

Vipimo vyenyewe viko hivi. Vidonge viwili vimekaa umbali wa milimita 300. Cha kwanza kinapewa msukumo wa mawimbi matano tu ya kilohezi 100 (mitetemo 100,000 kwa sekunde), yaliyolainishwa mwanzo na mwisho. Msukumo wote unachukua mikrosekunde 50, yaani sehemu 50 za milioni za sekunde. Kwenye skrini, kidonge cha pili kinakaa kimya, kisha kwenye mikrosekunde ya 50 kinaanza kutetemeka kidogo: S0 imefika. Kwenye 200 unapanda mlima mkubwa zaidi: A0. Baada ya hapo ni mrundikano wa mwangwi kutoka kingoni. Ulirusha volti kadhaa, unapokea milivolti. Unaihifadhi picha hiyo. Kesho unarusha tena, unaitoa ya jana kutoka ya leo, na kinachobaki ndicho kilichobadilika.

Kwenye paneli ya sega mambo ni magumu zaidi, na hapa wengi wanaotoka kwenye bamba tupu hujikwaa. Katika masafa ya chini paneli nzima, ngozi mbili na kiini, hupinda kama kitu kimoja. Ukipandisha masafa, wimbi linabaki zaidi kwenye ngozi ile lilikorushwa, huku likivuja nguvu zake kuingia kwenye kiini. Linafifia haraka. Sasa ngozi ikibanduka, uvujaji pale unakoma, kwa hiyo wimbi linalopita juu ya dosari linaweza kufika likiwa kubwa zaidi kuliko lilivyokuwa paneli ilipokuwa nzima. Mara ya kwanza nilipoona hilo nilidhani nimebadilisha nyaya. Ukiandika programu inayolia pale tu wimbi linapopungua, utakuwa umejenga mashine isiyoweza kuona dosari yenyewe ya kisa hiki.

Je, lingeonekana?

Rudi kwenye usukani wa 961. Tuseme vidonge vingekuwa kwenye ngozi ya nje tu, vikifanya kazi kwa masafa ya juu. Visingesaidia sana: wimbi lingetembea kwenye ngozi nzima ya nje na kurudi na habari njema, kama sarafu. Hapo tungekuwa tumenunua sarafu ya bei kubwa. Vikiwa nje lakini kwa masafa ya chini, wimbi lingeihusisha pia ngozi ya ndani, ila urefu wake ungekuwa mkubwa, na dosari ndogo ingepita bila kuguswa. Ili wimbi lione kitu vizuri, urefu wake usizidi sana ukubwa wa kitu hicho. A0 ya mita 1,300 kwa sekunde kwenye kilohezi 50 ina urefu wa milimita 26. Shuka hadi kilohezi 10 na urefu huo unaongezeka sana.

Vikiwa kwenye ngozi ya ndani, habari inabadilika. Kubanduka kwa ukubwa wa kiganja kungekuwa njiani mwa wimbi lenyewe. Naamini kungeonekana. Ila vidonge hivyo vingepaswa kuwekwa kiwandani kabla paneli mbili hazijafungwa, na hapo ndipo wazo la bamba janja linapopata uzito wake halisi. Mkono wa fundi hautafika ndani kamwe; kitakachosikiliza huko sharti kiwe kimezaliwa huko.

Kuna mambo matatu ambayo mtu mkweli lazima ayaweke mezani, na hayalingani uzito.

Kubwa zaidi ni joto. Usukani huo ulitoka kwenye jua la Kuba ukaingia kwenye hewa ya digrii 54 chini ya sifuri. Joto linabadilisha ugumu wa resini, na wimbi linachelewa au kuwahi. Chukua ile A0 ya kilohezi 100 na uicheleweshe kwa mikrosekunde moja tu. Ukitoa picha ya jana kutoka ya leo, mabaki yatakuwa na ukubwa wa karibu sita ya kumi ya wimbi lenyewe. Mikrosekunde moja kati ya 200, na skrini inapiga kelele kama vile paneli imepasuka. Wapo wanaokusanya picha za msingi katika kila joto na kuchagua inayofanana. Wapo wanaoivuta picha kwa hesabu hadi zilingane. Njia zote mbili hufanya kazi mezani, kwenye paneli yenye joto moja. Ndege iliyoegeshwa upande mmoja ukipigwa na jua na mwingine ukiwa kivulini haina joto moja. Ningepima usiku, ndege ikiwa imepumzika kwa saa kadhaa, na nisingeamini kipimo kilichochukuliwa dakika kumi baada ya kutua. Kengele za uongo zina gharama: usukani hushushwa, hufunguliwa, hukutwa mzima, na mara ya tatu msimamizi wa karakana anaamuru mfumo uzimwe. Hapo ile kengele ya kweli haitakuwa na wa kuisikia.

La pili ni vidonge vyenyewe. Ni vigae, vinapasuka. Gundi yake nayo inaweza kubanduka, na kidonge kilichobanduka hutoa picha inayofanana na bamba lililobanduka. Dawa yake ipo na ni rahisi: kabla ya kila kipimo, kila kidonge kipimwe uwezo wake wa kubeba chaji. Kilichovunjika hujitaja.

La tatu linaniuma, kwa sababu halina dawa. Bodi ya Kanada ilitaja gundi dhaifu. Gundi dhaifu ambayo bado haijaachia inagusana na ngozi vizuri kabisa, na wimbi dogo la kidonge linavuka pale kama panapovukika pazuri. Wimbi linapima ugumu, halipimi nguvu ya kushika. Kwa hiyo kama kisa kilianza na gundi iliyowekwa vibaya kiwandani, mawimbi yasingesema lolote siku ya kwanza, wala mwaka wa kwanza. Yangeanza kusema pale sentimita za kwanza zilipofunguka. Kati ya hapo na tarehe 6 Machi 2005 kulikuwa na muda. Ripoti inasema huenda safari nyingi. Muda huo ndio peke yake ambao mfumo huu ungeweza kuununua, na kwa watu 271 unanitosha.

Anayepanda Dreamliner pale Dar es Salaam au Nairobi anakaa ndani ya mwili wa nyuzi za kaboni. Karibu nusu ya uzito wa fremu ya ndege ile ni kompositi. Mwili wake ni bamba nene la matabaka lisilo na sega, na mawimbi husafiri humo kwa urahisi zaidi. Nalitaja ili msomaji asibebe hofu ya paneli moja na kuitwika ndege nyingine. Usukani wa sega, wenye ngozi nyembamba na upande usiofikika, ndio mgonjwa wa kisa hiki.

Ningepewa usukani kama ule leo, bado haujafungwa, nisingeanza kwa kuujaza vidonge kila mahali. Uzito na nyaya kwenye kitu kinachopinda kwa bawaba vina madhara yake. Ningechukua vinane. Ningevibandika kwenye ngozi ya ndani, umbali wa sentimita 20 hivi kati ya kimoja na kingine kwa sababu sega linafifisha wimbi haraka, nikachukua picha ya kwanza siku paneli inatoka kwenye oveni, kabla ya rangi. Na ningeanza na paneli ya kushoto, kando ya upau wa Z.